Ngitili imejaa, ng'ombe anakonda: majani tunayapimaje maabara?

Swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wa Misungwi, Magu na Kwimba, wanaotunza ngitili (malisho yanayofungiwa masika ili yaliwe kiangazi), ni hili: "Nyasi zipo, ng'ombe anakula mpaka tumbo linajaa, mbona anakonda?" Wengine huja na karatasi ya vipimo yenye protini na nyuzinyuzi, wakiamini jibu lote limo humo. Limo nusu tu. Kinachomnufaisha ng'ombe ni kile anachoweza kukimeng'enya, na hicho huwezi kukijua mpaka majani yakutane na vijidudu vya tumboni.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzinyuzi. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na fangasi wanaoishi kwenye rumeni, yaani tumbo la kwanza. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini zaidi ni kile cha watafiti Tilley na Terry, kilichochapishwa mwaka 1963 na bado kinatumika: majani yaliyosagwa yanatiwa kwenye chupa pamoja na maji ya rumeni, vijidudu vinaachwa vifanye kazi.

Majani hukaushwa kwanza kwenye oveni, nyuzijoto 60 hivi, kisha husagwa mpaka yapite kwenye chekeche la milimita 1. Ukizidisha moto ili yakauke upesi, protini hunasa kwenye nyuzinyuzi na majani mazuri husoma vibaya. Kila chupa inapata nusu gramu tu.

Maji ya rumeni tunayafuata machinjioni alfajiri. Tumbo likishapasuliwa, unakamua yaliyomo ukiwa na glavu, unachuja kwa shashi iliyokunjwa mara nne, unamimina kwenye chupa ya chai iliyotangulia kupashwa kwa maji ya moto. Unaijaza mpaka mdomoni, kwa sababu oksijeni huua vijidudu hivi, na baridi nayo huvidhoofisha. Tatizo ni kwamba ng'ombe wengi wa machinjioni wametoka mnadani na wamelala njaa, kwa hiyo rumeni yao imepoa nguvu. Ndiyo sababu huchanganya maji ya ng'ombe kadhaa, na katika kila awamu naweka sampuli ya majani ambayo majibu yake nayafahamu tayari. Ikisoma chini ya kawaida yake, awamu yote inarudiwa, hata kama mfugaji ananipigia simu kila siku. Maabara isiyofanya hivyo mimi siwezi kuiamini.

Tukifika maabara tunaongeza mchanganyiko wa chumvi unaofanya kazi ya mate ya ng'ombe, tunapuliza hewa ya ukaa ili kuondoa oksijeni, kisha chupa zinakaa kwenye nyuzijoto 39 kwa saa 48. Baada ya hapo tunatia asidi na pepsini (kimeng'enya kinachovunja protini) kwa saa 48 nyingine, kama inavyotokea tumbo la nne. Kilichobaki kinachujwa, kinakaushwa na kupimwa. Tuseme ulianza na gramu 0.50 na mabaki ni gramu 0.27, huku chupa iliyokuwa na maji ya rumeni bila majani ikibakiza 0.02. Basi ambacho hakikumeng'enywa ni 0.25: nusu ya majani yale ingetoka kama kinyesi.

Na hasara haiishii hapo. Majani magumu hukaa muda mrefu kwenye rumeni, na mpaka yapungue ng'ombe hana nafasi ya kula mengine. Anapata kidogo katika kila kilo, halafu anakula kilo chache. Tumbo limejaa kweli, lakini mwili una njaa.

Siibezi ngitili hata kidogo; ni akili ya wazee wetu wa Kisukuma na bila hiyo kiangazi kingemaliza mifugo mingi. Ila nyasi zilizofungiwa masika nzima huwa zimeshatoa mbegu kiangazi kinapokolea. Mashina yamekomaa, lignini, ile inayolifanya shina liwe gumu kama mti, imeongezeka, na lignini haivunjwi na vijidudu vya rumeni. Protini nayo ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vyenyewe hukosa nitrojeni na kazi inazorota. Ushauri wangu ni kutenga sehemu ya ngitili, ikatwe inapoanza kutoa maua na kukaushwa kama hei. Inayobaki ilishwe pamoja na mashudu ya pamba, ambayo huku kwetu hayako mbali.

Majani ya miti yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kaliandra inaweza kusoma protini zaidi ya asilimia 20, mfugaji akafurahi, lakini tanini, kemikali za mmea zinazonata kwenye protini, zimeishika sehemu kubwa ya protini hiyo. Hapo tunatumia kipimo cha gesi cha Menke na wenzake, cha mwaka 1979, chenye mabomba makubwa ya sindano ya kioo: vijidudu vikimeng'enya majani hutoa gesi, nasi tunaipima. Tunapima mara mbili, mara moja tukitia polietilini glikoli, ambayo hunasa tanini. Gesi ikiongezeka sana, tumejua kizuizi ni tanini.

Mabua ya mpunga nayo hushangaza wengi: kinyume na nyasi nyingine, shina lake humeng'enywa vizuri kuliko jani, kwa sababu jani limejaa silika, madini kama ya mchanga. Kwa hiyo mkulima anayekata juu na kuacha shina shambani anawabebea ng'ombe wake sehemu iliyo duni.

Ukituletea sampuli, usifyeke kwa mundu mpaka chini. Mfuate ng'ombe malishoni, uchume kwa mkono kile anachokiuma, sehemu mbalimbali za shamba. Anika kivulini, weka kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni ukikaa kwenye basi siku nzima, majani mabichi huchacha na mimi nitapima uozo. Andika tarehe uliyokata na kama nyasi zilikuwa zimetoa maua.