Je, wajua kwa nini buti la Volkswagen Beetle hugoma kufunguka, na kwa nini kuvuta zaidi hakusaidii?

Beetle ya zamani injini iko nyuma na buti liko mbele, hilo wengi wanalijua. Ila buti lenyewe kwa kawaida halina tundu la ufunguo. Linafunguliwa kwa waya unaotoka ndani ya gari, ukivuta kishikio kilicho chini ya dashibodi, na kwenye modeli za 1968 kuendelea kishikio kikahamia ndani ya droo ya dashibodi.

Sasa likigoma, kwenye zile za kabla ya 1968 hata petroli huweki, maana mdomo wa tangi uko humo humo ndani ya buti. Spea tairi imo humo pia, na kwenye nyingi za zamani maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa hiyo spea tairi, kitu ambacho mimi nikimwonyesha mtu mara ya kwanza haamini mpaka aone kimpira chenyewe.

Ukiuliza kwa nini limegoma, jibu utakalopewa ni kutu, "limeshika hilo, vuta kwa nguvu". Kutu ipo kweli, na gari hizi zimekula vumbi la Afrika Mashariki tangu enzi zile Tommy Fjastad anashinda Safari Rally ya 1962 na Volkswagen. Lakini mara nyingi tatizo si kutu, na hiyo kuvuta kwa nguvu ndiyo inayogeuza tatizo la dakika tano kuwa kazi ya kutoboa bodi. Kuna na wale wanaobamiza mfuniko wakidhani kitasa kitashtuka kiachie, wakati kitasa kile kimeundwa kikibamizwa kishike. Springi ndiyo inayokifunga, na waya ndio peke yake unaoweza kukiambia kiachie.

Chukua breki ya baiskeli. Kuna waya wa ndani na kuna ganda la nje, na ukibana mkono waya unateleza ndani ya ganda. Kinachofanya breki ikamate ni kwamba ganda limetulia, limeshikiliwa huku na huku. Ganda likichomoka pale lilipokaa, unabana mpaka mwisho na gurudumu linazunguka tu, na hata ubane na mikono miwili ni vile vile, kwa sababu nguvu yako inaishia kulisogeza ganda. Buti la Beetle ni hivyo hivyo, na huku mbele mwisho wa waya umebanwa na skrubu ndogo kwenye kipande cha chuma kinachoteleza. Kipande hicho kinaishika pini iliyoning'inia kwenye mfuniko. Skrubu ikilegea waya unachomoka, hakuna kilichoshika kutu wala kuvunjika.

Halafu kuna jambo la pili. Pini ina springi nene inayousukuma mfuniko juu muda wote, na mpira wa pembeni nao unasukuma. Yaani pini inakivuta kile kipande kwa juu, kinabanwa, kinakuwa kizito kuteleza. Kwa hiyo mtu mmoja aukandamize mfuniko karibu kabisa na kitasa, viganja viwili vimefunguka ili bati lisibonyee, na mwingine avute kishikio taratibu. Mzigo unapungua, kipande kinateleza. Nyingi zinafunguka hapo hapo.

Isipofunguka, sikiliza mkono wako. Kishikio kigumu hakisogei kabisa, waya umekwama njiani au kitasa kimebanwa. Kishikio kinakuja chote kama hakijafungwa popote, chomoa waya uuangalie: kikitoka kipande kifupi umekatikia karibu na wewe, basi shika ule uliobaki kwa plaizi uvute. Ukitoka wote mrefu na ncha nzima, ni ile skrubu.

Hapo ndipo mafundi wengine hutoboa tundu kwa chini, nyuma ya bampa, wakisukuma kile kipande kwa bisibisi ndefu. Inawezekana, ila vitasa vilibadilika kidogo kidogo kwa miaka, angalia kwanza kitasa cha gari la mwaka kama wako ujue kinateleza upande gani. Na kumbuka tangi la lita 40 hivi liko humo, mvuke wa petroli na cheche, ziwe za drili au za umeme wa gari, havikai pamoja, kwa hiyo toa kwanza waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma, na toboa polepole.

Likishafunguka usilifunge kabla hujafunga waya wa pili wa akiba kwenye kile kipande, mwembamba tu, upitishe chini mpaka nyuma ya bampa na ncha yake uifiche pale ambapo wewe utaifikia kwa vidole lakini mpita njia haioni.