Kiungulia na nukta za kubonyeza: dhana potofu na ukweli wake

Akupresha ni tawi la tiba ya jadi ya Kichina ambalo hutumia kidole, badala ya sindano nyembamba za akupancha, kuchochea nukta maalumu za mwili. Nukta inayotajwa zaidi kwa matatizo ya tumbo huitwa Neiguan, au P6. Iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili zinazojitokeza mtu akifumba ngumi na kuikunja kidogo. Nukta hiyo ina ushahidi wake, na wala haistahili kubezwa. Kasoro ni kwamba ushahidi wa tatizo moja umekuwa ukitumika kutangaza tiba ya mengine mengi.

Dhana: Imethibitishwa kwamba Neiguan hutibu kiungulia.

Kilichochunguzwa kwa kina ni kichefuchefu na kutapika, hasa baada ya upasuaji. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyojumuisha majaribio 59 na washiriki zaidi ya 7,000, yalionyesha kwamba kuichochea nukta hiyo kwa njia mbalimbali, zikiwemo sindano, umeme hafifu na bangili za kubana, hupunguza matatizo hayo mawili. Kiungulia kina chanzo tofauti: asidi ya tumbo hupanda kwenye umio kwa sababu msuli wa duara ulio kwenye mlango wa tumbo umedhoofika, au hulegea wakati ambapo haukupaswa kulegea. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uligundua kuwa umeme hafifu kwenye Neiguan ulipunguza mara ambazo msuli huo hulegea. Hata hivyo, anayeutaja utafiti huo aeleze pia kwamba uliwahusu watu wenye afya njema, kwamba kilichotumika ni umeme wala si kidole gumba, na kwamba kilichopimwa ni mwendo wa msuli, si nafuu ya mgonjwa anayeungua kifua usiku.

Dhana: Anayebonyeza nukta anaweza kuacha vidonge.

Watetezi wa dhana hii hupenda kutaja utafiti wa Arizona, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ambao wagonjwa walioongezewa tiba ya sindano za akupancha walipata nafuu kuliko waliozidishiwa maradufu dawa ya kupunguza asidi. Utafiti huo upo, na matokeo yake yanavutia. Lakini wagonjwa walikuwa 30 tu, na waliochomwa sindano waliendelea kumeza dawa yao ya kila siku. Hakuna aliyeambiwa aiache. Umio uliochubuliwa na asidi unahitaji asidi ipungue ili upone, na hiyo ndiyo kazi ya dawa kama omeprazole. Kwa maoni yangu, wengi wanaosema dawa hiyo haiwasaidii wangeanza kwa kuangalia saa: humezwa yapata nusu saa kabla ya kula, ilhali wao huitafuta mwako ukiwa umekwisha kupamba moto.

Dhana: Ukibonyeza kwa nguvu zaidi, ndipo inapofanya kazi.

Mgandamizo thabiti usioleta maumivu makali, kwa dakika mbili au tatu, unatosha. Zaidi ya hapo ni kujichubua. Kwenye tumbo madhara huwa makubwa zaidi. Nukta ya Zhongwan iko katikati ya kitovu na chembe cha moyo, na anayeikandamiza akiwa ameshiba huongeza shinikizo ndani ya tumbo, ambalo ndilo husukuma asidi kwenda juu.

Dhana: Maumivu yote ya chembe cha moyo ni gesi au kiungulia.

Dhana hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho, kukosa pumzi, au kusambaa hadi mkononi na tayani yanaweza kuwa shambulio la moyo, na kila dakika inayopotea kwa kutafuta nukta ni hasara. Vidonda vya tumbo navyo mara nyingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, ambao ugunduzi wao uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao huuawa kwa antibiotiki. Aidha, ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zikiwemo, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Kwa hiyo mtu anayekwamwa na chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami anahitaji kuchunguzwa hospitali bila kuchelewa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mito miwili mitatu chini ya kichwa inatosha kuzuia kiungulia cha usiku. Mito hukunja kiuno na kulibana tumbo. Kinachosaidia ni kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu yake, kula chakula cha jioni muda wa saa tatu kabla ya kulala, na kulalia ubavu wa kushoto. Anayetaka kubonyeza Neiguan anaweza kufanya hivyo pamoja na hayo, akiwa ameketi wima.