Presha haikubaki Heathrow

"Daktari, dawa nimeziacha Heathrow."

Aliyesema hivyo, akitokea uwanja huo wa ndege wa London, ni mzee wa miaka 68, dereva wa basi mstaafu, shati limepigwa pasi, uso unang'aa. Alikuwa wa nne kuniambia maneno hayo mwaka huu hapa Entebbe, Uganda, na Julai ilikuwa bado haijafika. Wengine huwa wameziacha Toronto au Boston, lakini hadithi haibadiliki: presha ilikuwa ya baridi, ya zamu za usiku, ya kodi ya nyumba. Miaka thelathini ya kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, imekwisha, sasa niko nyumbani, nakula matoke, navuta hewa ya ziwa, mwili umepona. Kisha akanyoosha mkono nimpime, kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

Nikampima. 122 kwa 74.

"Si umeona?"

Nimeona, na ndiyo maana naandika haya nikiwa nimekasirika kidogo. Aliyekosea kabisa namaliza naye kwa dakika tano. Huyu amepatia nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonilia asubuhi nzima.

Nusu aliyopatia ni hii: joto hushusha presha. Mishipa ya ngozi hufunguka ili mwili upoe, jasho hutoka na maji na chumvi, damu inapita mahali papana zaidi. Hata huko Ulaya, presha ya mtu yuleyule hupanda majira ya baridi na kushuka kiangazi. Namba ya juu hutofautiana kwa kama 5, na kwa wazee huzidi hapo. Anayetoka London ya baridi akatua Entebbe amehamia kwenye kiangazi kisichokwisha. Ongeza kwamba sasa analala usiku kama binadamu. Kwa hiyo kushuka kwenyewe si uongo, na wala si muujiza.

Nusu aliyokosea ilihitaji swali moja. Umetua lini? "Jumatano." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Dawa yake kubwa ni amlodipini, ambayo huchukua kati ya saa 30 na 50 ili nusu yake tu iwe imetoka mwilini. Mzee wangu alikuwa bado anatembea na mabaki ya kidonge alichomeza Uingereza, halafu sifa zote akawapa matoke. Matoke ya siku tano!

Tena huyo alikuwa na bahati. Angekuwa anatumia bisoprolo, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, au ndugu zake, kuacha ghafla kungeweza kumletea maumivu ya kifua au shambulio la moyo kabla hata mizigo haijafunguliwa. Dawa hizo hushushwa ngazi kwa ngazi.

Kuna na upande wa pili, ambao hakuna anayekuja kujivunia. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, mtu wa nidhamu, aliendelea na vidonge vyake vitatu kama alivyoandikiwa, kimojawapo cha kukojoza maji. Joto linashusha, vidonge vinashusha, naye anakunywa maji kidogo ili asihangaike kutafuta choo njiani. Usiku mmoja, mwezi wa pili tangu arudi, aliinuka kitandani, kichwa kikazunguka, akaanguka kwenye vigae. Nyonga. Kwa umri wa miaka 75 kwenda juu, nyonga iliyovunjika si habari ya mfupa tu. Kati ya watu watano wa umri huo, mmoja au zaidi hamalizi mwaka. Huyu hakuacha dawa. Kosa lilikuwa letu sisi madaktari wa pande zote mbili: hakuna aliyemwambia kwamba dozi iliyopimwa kwenye baridi ipimwe upya kwenye joto. Basi usiache, na usiendelee kwa upofu. Nunua kipimo cha mkononi, kile cha juu ya kiwiko, jipime asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, ukiwa umekaa na tena ukiwa umesimama, uniletee daftari.

Tuje kwenye ile inayonichosha kuliko zote: "Mbona mzee fulani alirudi mwaka 2005, leo ana miaka 88 na anapalilia mwenyewe?"

Kila mtaa wa Entebbe una mzee fulani. Lakini kwanza tujiulize ni nani hurudi. Anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki harudi, kwa sababu huko halipii na hapa atalipia. Anayehema akipanda ngazi hawezi kuja kusimamia mafundi. Aliyerudi 2005 na kuchimba msingi wa nyumba alitua akiwa mzima. Afya ndiyo iliyomwezesha kurudi. Ukimlinganisha na mwenzake aliyebaki London na mashine yake, unalinganisha mchezaji na majeruhi halafu unausifu uwanja.

Kisha kuna wanaorudi kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Saratani imeenea, ameambiwa ukweli, naye anataka kulala kwenye ekiggya, makaburi ya ukoo, pamoja na babu zake. Ukiwahesabu hao peke yao, utaapa kwamba hewa ya nyumbani ni sumu. Watafiti wa uhamaji wameupa mwenendo huu jina la samoni, samaki anayepanda mto alikozaliwa, akataga na kufa.

Na wa tatu ni wale waliorudi wakaugua, watoto wakawapandisha ndege. Wanafia Birmingham. Sisi huku tunawakumbuka tulivyowaona mara ya mwisho: "Aliondoka mzima kabisa yule." Kila mtaa una mzee fulani kwa sababu wengine wote hawaonekani tena.

Sasa niseme jambo linalonipinga. Marekani walishangaa kwa muda mrefu kwamba watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ingawa kipato chao ni kidogo, hufa kwa viwango vya chini kuliko wazungu wenzao. Wengi walisema ni samoni tu: wagonjwa hurudi kwao kufa na hawahesabiwi. Mwaka 1999 Ana Abraído-Lanza na wenzake waliwatazama Wakuba, ambao hawakuwa na njia ya kurudi, na watu wa Puerto Rico, ambao hata wakifia kwao huingia kwenye takwimu za Marekani. Bado vifo vyao vilikuwa chini. Samoni peke yake hakutosha kueleza. Basi ninaposema afya ya mzee fulani ilitangulia safari yake, nasema nikijua kwamba huenda kuna kitu kingine ndani yake: ndugu, chakula, kanisa au msikiti, kazi ya mikono. Kukitenga kitu hicho na kukipima ndiyo shida.

Halafu hiyo 88, nani aliihesabu? Mtafiti Saul Newman alipewa tuzo ya Ig Nobel, ya utafiti unaochekesha kisha ukafikirisha, mwaka 2024 kwa kuonyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifiwa kwa watu wa umri wa ajabu ni zile zenye kumbukumbu mbovu za kuzaliwa. Kwetu, waliozaliwa zamani wanakumbuka njaa, nzige na kuja kwa mmisionari fulani. Posho ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, huanzia miaka 80 kwa mujibu wa kitambulisho. Simtuhumu babu wa mtu. Nasema tu kwamba nimeona faili ambamo baba amemzidi mwanawe kwa miaka tisa.

Wapo pia wenye hofu, mara nyingi mabinti waliobaki Ulaya. Wanaandika: "Umri wa kuishi Uganda ni miaka 63, baba ana 68, mnampeleka kufa?" Hiyo 63 ni takwimu ya sensa ya 2014, nayo ni hesabu ya mtoto anayezaliwa. Ndani yake wamo watoto waliokufa kabla ya kusimama, kina mama waliokufa wakijifungua, vijana wa bodaboda. Baba yako ameshazivuka zote hizo. Aliyefika 68 ana hesabu yake nyingine, na miaka iliyobaki ni mingi kuliko mnavyodhani. Inatosha.

Kinachoniogopesha mimi si presha. Ni malaria, na ndiyo ambayo waliorudi hawataki kuisikia, maana wanajiona wenyeji. "Daktari, mimi nimekulia Luwero, malaria ni mafua yangu." Ulikulia, ndiyo. Kinga ile uliipata kwa kuumwa mara kwa mara utotoni, na hudumu kwa kuendelea kuumwa na mbu. Miaka thelathini Leicester huimomonyoa. Haiishi yote, kwenye takwimu za Uingereza za 1987 hadi 2006, wenye asili ya Afrika waliougua baada ya kwenda kwao walikufa kwa kiwango cha chini kuliko watalii. Lakini takwimu hizohizo zilionyesha hatari ya kufa ikipanda kadiri umri unavyopanda, na waliovuka 65 walikuwa hatarini kuliko wote. Hivyo mzee anayerudi ana kinga ya mgeni nusu na mwili wa miaka 70, na kichwani anajiona kijana wa 1985 asiyehitaji chandarua.

Je, nimpe dawa ya kuzuia malaria? Miongozo imeandikwa kwa msafiri wa wiki mbili au mfanyakazi wa mwaka mmoja. Huyu amekuja kuishi hadi kuzikwa. Doksisaiklini kila siku kwa miaka ishirini? Mimi huwapa baadhi yao kwa miezi ya mwanzo, nasisitiza chandarua na wavu wa madirisha, na nawaamuru kwamba homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Mwenzangu wa kliniki ya jirani hawapi kabisa, na wagonjwa wake hawafi kuliko wangu. Kila mwaka nabadili mawazo.

Na ukipimwa, usikubali ile pacha ya "malaria na taifodi" inayotolewa kila mtaa. Homa ya mzee mara nyingi ni mkojo au mapafu.

Mengine niyapitie haraka. Chanjo ya homa ya manjano: kama hujawahi kuchanjwa na umevuka 60, zungumza na daktari kabla ya safari, maana madhara makali ya dozi ya kwanza, japo ni nadra, huongezeka kwa umri huo. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati zina vitamini K nyingi, na ukianza kuzila kila siku dawa yako ya damu itapungua nguvu, usiziache, kula kiasi kilekile kila wiki na upimwe. Sahani ya karamu yenye matoke, wali, viazi, posho (ugali) na muhogo ni wanga mara tano, mwenye sukari ahesabu. Hewa: Entebbe sawa, lakini anayehamia Kampala asiniambie habari za hewa safi, vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere wa kupima uchafu wa hewa, viko wazi kwa kila mtu.

Pesa nayo ni dawa. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukiipokelea Uganda haiongezwi mwaka hadi mwaka, inabaki palepale. Ukiwa na 67 inatosha na chenji. Ukiwa na 85, unapohitaji mtu wa kukuogesha, ni ileile. Huduma ya bure ya hospitali za huko hufuata makazi, si pasipoti, na Uganda haina bima ya afya ya taifa ya kukupokea. Kampuni binafsi zitakuzungusha ukivuka 70.

Kisha ramani. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, lakini ndani ya saa nne na nusu. Mimi kwetu ni Arua na napapenda, ila kutoka Arua hadi Kampala ni kama kilomita 500. Mzee akijenga huko ajue ameshachagua. Sisemi asijenge. Nilimwambia baba yangu haya yote, akasikiliza, akajenga Arua.

Yule mama wa nyonga nilimpa mkongojo na orodha ya mazoezi. Aliyemrudisha kwenye miguu yake ni dada yake aliyehamia kwake, anayemwamsha saa kumi na mbili kila asubuhi kwa kelele. Kwenye faili nimeandika "mazoezi ya viungo".

Mzee wa Heathrow alirudi baada ya wiki tatu na daftari lake, mwandiko mzuri. 156, 161, 158. Hakung'aa sana siku hiyo. Tukaanza upya: kati ya vidonge vitatu alirudia kimoja, na kwa miezi mitatu sasa kinamtosha. Juzi akaniaga, anakwenda London mahafali ya mjukuu, Desemba nzima. Nikamwandikia abebe na kile cha pili, ajipime kila siku, na namba zikipanda kule kwenye baridi anipigie ili akianze.

Akaitazama karatasi, akanitazama.

"Kwa hiyo daktari, ilikuwa ya Uingereza."

Nikamwita mgonjwa anayefuata.