Utepe wa pindo la mfarishi si lazima ukatwe mshazari

Wiki hii nimeletewa tena mfarishi wa viraka uliochanua kingo. Kazi ya katikati ni safi kabisa: viraka vya kitenge vimekutana pembe kwa pembe, mishono ya kushikiza matabaka (viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini) imenyooka, rangi zimepangwa na mtu mwenye jicho. Ila ukiutandika kitandani, pembeni unapanda na kushuka, haukubali kulala. Nikamuuliza aliyeushona, utepe wa pindo, ule unaokunjwa kufunika ukingo, ameukataje? Akanijibu kwa kujiamini: "Mshazari, mwalimu. Si ndiyo kanuni?"

Si kanuni. Mfarishi wenye pande nne zilizonyooka hauhitaji utepe wa mshazari, yaani uliokatwa kwa kukatiza nyuzi kwa kuinama, na mara nyingi utepe huohuo ndio unaouharibu. Nimelisema hili darasani, nimelisema kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, na bado linarudi vilevile. Leo naliandika lote.

Najua linakotoka. Wengi wetu tulijifunza kutia utepe kwenye nguo za kuvaa kabla hatujagusa mfarishi. Shingo ya gauni ni mviringo, kwapa la blauzi ni mviringo, na utepe uliokatwa kwa kunyooka hauwezi kuzunguka pale bila kukunjamana. Mwalimu aliposema "utepe ukatwe mshazari" alikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa anazungumzia shingo. Mwanafunzi akaibeba kanuni, shingo akaiacha darasani.

Chukua kipande cha kitenge, hata kiraka cha kutupa, ukivute kwa njia tatu. Kivute sambamba na ukingo ule wenye maandishi ya kiwanda. Hizo ni nyuzi za mtande, zilizotangulia kukazwa kabla ya kufumwa, na kitambaa hakitaongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Kivute kwa upana: hizo ni nyuzi za mshindio, kitanyumbuka kidogo. Sasa shika kona mbili zinazotazamana uvute. Kitarefuka waziwazi, na katikati kitasinyaa. Huo ndio mshazari wa digrii 45. Hapo huvuti uzi wowote. Unachokivuta ni vile vimraba vidogo kati ya nyuzi, vinavyoinama na kulala upande. Utepe uliokatwa hivyo hauna hata uzi mmoja unaokimbia urefu wake wote. Kwenye shingo ya gauni hiyo ni neema. Kwenye ukingo wa mfarishi wa mita 2, umejitwika utepe usio na kipimo: urefu ulioupima mezani si urefu utakaoukuta baada ya pasi, wala si ule utakaotoka chini ya mguu wa cherehani.

Na mfarishi unataka kipimo kuliko kitu kingine. Kingo zake huwa zimeshalegea kabla hazijafika kwenye pindo. Mishono ya kushikiza matabaka hunywea katikati, huku vipande vya nje vikishikwashikwa, vikikunjuliwa, vikining'inia mezani kwa uzito wao. Pima mfarishi wako katikati, kisha upime ukingo wa upande huohuo. Mara nyingi ukingo utakuwa umezidi kwa sentimita 1 au 2. Kazi ya kwanza ya utepe ni kuurudisha ukingo kwenye urefu wa katikati, na uzuri unakuja baadaye. Utepe ulionyooka unaiweza kazi hiyo kwa sababu unakataa kurefuka. Ule wa mshazari utakubali chochote ukingo utakachotaka.

Kwa hiyo chukua kipimo cha katikati, si cha ukingo. Weka alama kwenye utepe kwa chaki: robo, nusu, robo tatu, mwisho. Ukingo wa mfarishi nao ugawe hivyohivyo. Kutanisha alama kwa alama, bana kwa pini, ndipo ushone. Ziada ndogo ya ukingo itamezwa na mshono na hakuna atakayeiona. Ikiwa ziada ni ya vidole viwili au zaidi, pindo halitakuokoa. Tatizo liko ndani ya mfarishi, na ni bora ulirudie huko.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko hata huo mshazari wenyewe. Watu wana kasoro mbili tofauti na wanaziita kwa jina moja: "pindo limepinda." Ukingo unaochanua ni mrefu kuliko katikati. Ukingo unaojikunja kwa ndani, kona zikainuka kama midomo ya bakuli, ni mfupi kuliko katikati. Dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Mtu ambaye pindo lake limechanua huambiwa "vuta utepe kidogo unaposhona", na hapo ushauri una chembe ya ukweli. Yule ambaye pindo lake limejikunja akiambiwa hivyohivyo, anazidi kuliharibu. Na utepe wa mshazari una uwezo wa kukupa kasoro zote mbili kwenye mfarishi mmoja: upande ulioshona ukiwa umetulia umeuachia ukingo uchanue, upande ulioushona kwa haraka umeuvuta bila kujua, nao ukitoka chini ya mguu unarudi kwenye ufupi wake na kuukusanya mfarishi.

Cherehani nayo ina mchango wake. Meno ya chini huvuta tabaka la chini, mguu wa juu huzuia tabaka la juu. Utepe uko juu, kwa hiyo unabaki nyuma na kujikusanya mbele ya mguu, na mfarishi ulio chini unakimbia. Mwenye ule mguu wenye meno yake, unaosukuma kitambaa kutoka juu, autumie bila kujiuliza mara mbili. Asiye nao alegeze skurubu ya mkandamizo wa mguu, aweke pini kila baada ya sentimita 8 au 10, na ashone polepole. Mikono yako ielekeze tu. Ikianza kuvuta, simama.

Sasa niwe mwadilifu kwa wanaoutetea mshazari, maana wanayo hoja moja nzito. Wanasema utepe ulionyooka, ukikunjwa ukingoni, unauweka uzi mmoja au miwili kwenye ncha ya mkunjo, na uzi huo ndio unaosuguliwa kila siku. Ukikatika, mpasuko unakimbia urefu mzima. Kwenye mshazari nyuzi zinakatiza mkunjo, kwa hiyo msuguano unagawanyika. Ni kweli pindo ndilo sehemu inayochakaa kwanza kwenye mfarishi, na ni kweli nyuzi zinakaa hivyo. Hata hivyo sijashawishika kwamba tofauti ni kubwa kama inavyosemwa. Ni nadra sana utepe kukatwa na kukunjwa sawasawa kabisa na uzi. Huwa umekwenda upande kidogo, na huko kwenda upande kunatosha kugawa msuguano. Kwa mfarishi wa mtoto utakaofuliwa kila wiki, mtu akiniambia ameamua mshazari kwa ajili ya uimara, simpingi. Namwomba tu apime.

Pia sikatai mshazari unapohitajika. Mfarishi wenye kona za mviringo au kingo za mawimbi ya makusudi hauna njia nyingine. Na kuna sababu ya macho: utepe wa kikoi chenye mistari, ukikatwa mshazari, mistari inapanda kwa kuinama kuzunguka mfarishi mzima, na inapendeza sana. Hapo umechagua urembo kwa kujua gharama yake.

Kanga ni habari nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Wengi hukata utepe kwenye pindo lenyewe la kanga ili michoro yake ikimbie sambamba na ukingo. Wazo zuri. Ukikata mshazari umeukatakata mchoro, basi hapo hata wenye kanuni hukata kwa kunyooka. Lakini angalia: kwenye kanga na vitenge vingi, chapa imekwenda upande ikilinganishwa na nyuzi. Ukifuata mstari wa mchoro unadhani umenyooka, kumbe uko katikati ya kunyooka na mshazari, mahali pabaya kuliko pote, maana utepe utajisokota. Muuza vitambaa anajua la kufanya: anatia mkasi kidogo, kisha anachana kwa mikono. Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa njia ya kawaida, uzi juu uzi chini, huchanika kwa kufuata uzi. Chana ukingo mmoja uone mchoro umeachana na uzi kwa kiasi gani. Vikiachana kidogo, fuata mchoro. Vikiachana sana, usiutumie mchoro huo kwa pindo. Ukingo uliochanwa huvutika na kutoa manyuzi, kwa hiyo ukate upya kwa rula.

Na ufue kitambaa cha utepe kabla ya kukikata. Kitenge kipya kina wanga, kinadanganya mkono, na kikifuliwa kinaweza kunywea baada ya kuwa kimeshashonwa. Vyekundu na vya buluu nzito viloweke peke yake hadi maji yatoke meupe.

Hesabu ni nyepesi. Nashona kwa sentimita 1 kutoka ukingoni na nakunja utepe mara mbili, kwa hiyo upana wake ni mara 6 ya hiyo sentimita, pamoja na unene wa pamba: sentimita 6.5 kwa pamba nyembamba, 7 kwa nene au ukiwa umetumia blanketi la zamani katikati. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa sentimita 700; ongeza 30 za kona na maungio. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110, vipande 7 vinafika kwa shida, kata 8. Ni kama nusu mita ya kitambaa. Ukikata mshazari, urefu uleule utakutaka kipande cha karibu sentimita 75 kwa 75 na maungio karibu mara mbili. Vipande viungwe kwa mshono wa kuinama, digrii 45, mishono ifunguliwe kwa pasi, ili unene usikusanyike mahali pamoja. Kisha kunja utepe kwa urefu, upande mzuri nje, na upige pasi kwa kuiweka na kuiinua. Usiiburute.

Kona. Simama sentimita 1 kamili kabla ya mwisho, piga mishono miwili ya kurudi, toa mfarishi. Pandisha utepe juu ili ujikunje kwa kuinama, kisha uushushe, mkunjo wa juu ukae sawa na ukingo uliotoka kuushona. Anza tena kutoka juu kabisa. Ukisimama mapema au ukichelewa, kona itakuwa butu, na hakuna pasi itakayoinyoosha. Unapogeuza nyuma, lalisha mkunjo wa kona upande ulio kinyume na wa mbele, unene ugawanyike. Na tafadhali, usiikate ncha ya pamba kwenye kona ukidhani unapunguza unene. Kona iliyokatwa ndani inabaki tupu, na ukiibana kwa vidole unasikia utupu. Pamba ifike mpaka kwenye mkunjo, pande zote.

Nyuma mimi hushona kwa mkono, mshono wa kuficha, mishono ya karibukaribu. Anayetaka cherehani aanze kushona utepe kwa nyuma, augeuzie mbele, apite juu. Wanaosema wa mkono unadumu zaidi wanautetea kwa mapenzi. Mshono wa mkono uliolegea hufunguka haraka kuliko wa mashine.

Kwa muda wote huu hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini mshazari ungekuwa sheria, wakati kuna watu wanaoshona mifarishi mizuri bila utepe wowote. Wasidi wa Karnataka, huko India, ambao wengi wao asili yao ni Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya bahari, hushona mifarishi iitwayo kawandi. Mama anaanzia ukingoni: anakunja kitambaa cha chini na viraka kwa ndani, anapitisha mishono ya mkono sambamba na ukingo, kisha anazunguka kuelekea katikati. Kwenye kona anatia viraka vidogo vilivyokunjwa. Ukingo wake umemalizika kabla katikati haijaanza, kwa hiyo hauna muda wa kulegea. Kila ninapoifikiria kazi hiyo naona tatizo letu limetatuliwa kwa kuanza upande mwingine.

Kama pindo limeshachanua na unataka kuliokoa, fumua upande unaochanua tu, si wote. Nyunyizia ukingo maji, ulaze mfarishi sakafuni juu ya shuka safi, usukume ukingo kwa viganja kuelekea katikati hadi futi ikuonyeshe kipimo cha katikati, uuache ukauke hapohapo bila kuuinua. Ukishakauka, weka utepe wa kunyooka wenye alama zake, na ubane pini nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika.