Gadenia ni ndugu wa kahawa, itunze hivyo

Majani ya gadenia, kichaka cha bustani chenye maua meupe, tunayoletewa tuyachunguze mara nyingi hayana ugonjwa wowote. Yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na mwenye bustani ameshapulizia dawa ya ukungu, ameshaongeza samadi, na pengine ameshaung'oa mmea na kuutupa. Inasikitisha, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye udongo, na udongo hurekebishika.

Gadenia inayouzwa kwenye vitalu vyetu, Gardenia jasminoides, asili yake ni kusini mwa China, Vietnam, Taiwan na Japan. Jina lake linamuenzi Alexander Garden, daktari Mskoti wa karne ya 18 aliyeishi Charleston, Marekani. Kwa mkulima wa Uganda, la maana zaidi ni kwamba imo katika familia ya Rubiaceae, pamoja na kahawa. Weka tawi lake kando ya tawi la kahawa ya robusta, ambayo hadi leo huota yenyewe katika msitu wa Kibale, na undugu utauona: majani ya kung'aa yanayotazamana, maua meupe, harufu nzito. Mahitaji yao pia yanakaribiana. Anayejua kulea kahawa tayari anajua sehemu kubwa ya kulea gadenia: udongo wenye tindikali, matandazo ya kutosha, kivuli kidogo, na maji yasiyotuama.

Tuanze na hiyo tindikali. Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala, Wakiso na Mukono una madini ya chuma tele. Ndicho kinachoupa rangi. Hata hivyo mizizi ya gadenia hukifyonza vizuri pale tu pH ya udongo (kipimo cha tindikali; namba ikipanda, tindikali hupungua) inapokuwa kati ya 5 na 6 hivi. Ikipanda hadi 7 na zaidi, chuma hujifunga udongoni na mmea hukaa na njaa juu ya chakula. Udongo wetu mwingi kiasili una tindikali ya kutosha. Sisi wenyewe ndio tunaoiondoa.

Tunaiondoa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ujenzi. Kila mtu anataka harufu ya gadenia iingie dirishani, kwa hiyo huipanda ukutani, mahali palepale mafundi walipokorogea saruji na kuacha mabaki ya plasta na chokaa. Mvua ikinyesha, chokaa hiyo huyeyuka taratibu na kufika kwenye mizizi. Sogea angalau mita moja kutoka ukutani, chimba shimo la sentimita 50 kila upande, toa vipande vyote vya saruji, kisha changanya udongo wa juu na mboji iliyooza vizuri. Penye saruji nyingi, panda kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini. Wakazi wa maeneo yenye mawe ya chokaa, kama Tororo, nawashauri chungu tangu mwanzo, na wamwagilie maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati badala ya maji ya kisima.

Njia ya pili ni majivu. Majivu ya jikoni yanafaa sana kwenye migomba ya matoke, na kwa sababu hiyo watu huyamwaga kwenye kila mmea uani. Kwa gadenia ni sumu ya polepole. Tafadhali usiyaweke kabisa, wala usiweke chokaa ya shambani.

Kabla ya kutibu, soma majani. Majani machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa ya kijani, ni njaa ya chuma: nunua mbolea ya chuma iliyotengenezwa ifyonzwe kwa urahisi, inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo kama ya Container Village, Kampala, na ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Mbolea ya salfeti ya amonia, kijiko kimoja cha mezani kwa kichaka kilichokomaa mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, ikinyunyizwa mbali na shina kwenye udongo uliolowa, husaidia kurudisha tindikali. Majani machache ya zamani ya chini yakigeuka manjano na kudondoka, ni uzee tu. Mmea mzima ukinyauka ilhali udongo umelowa, mizizi inazama majini. Acha kumwagilia na utengeneze njia ya maji kutoka.

Panda mvua zinapoanza, Machi au Septemba kwa maeneo ya kati. Gadenia hupenda jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Kivuli cha kutwa hukunyima maua. Usifukie shina kuliko lilivyokuwa kitaluni. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba, lakini yasiguse shina. Usilime kwa jembe karibu nayo, kwani mizizi yake iko juujuu.

Unaponunua, kata jani moja kwa ruhusa ya muuzaji. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si gadenia. Kuna kichaka kingine chenye maua meupe, Tabernaemontana, ambacho huuzwa kwa jina hilo. Ni kizuri pia, ila matunzo yake ni mengine.

Matumba kudondoka kabla ya kufunguka huwakatisha tamaa wengi. Sababu kuu ni udongo kukauka kisha kulowa ghafla, au chungu kuhamishwa wakati matumba yameshatokea. Joto kali na hewa kavu navyo huchangia, ndiyo maana mtu wa Gulu au Arua atahitaji subira na maji zaidi mwezi Januari kuliko mtu wa Entebbe. Pogoa mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa utakata matumba ya msimu ujao.

Ukiona masizi meusi juu ya majani, geuza jani: utakuta vidung'ata, vidukari au inzi weupe, na sisimizi wanaofuata utamu wao. Yafute majani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, pande zote mbili, urudie kila wiki hadi wadudu waishe. Masizi yataondoka yenyewe.

Kuzalisha miche mingine si kazi ngumu. Kata ncha ya tawi lililoanza kukomaa, sentimita 10 hadi 12, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uweke kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki 4 hadi 8. Miche ya Machi, ikilelewa vizuri kwenye viriba, huwa tayari kuingia bustanini mvua za Septemba.