Umeuza Harusi, Hukuuza Ndoa

Malalamiko dhidi ya majarida ya udaku yameongezeka kwenye dawati letu la malalamiko katika baraza la habari, na barua nyingi ni za aina mbili. Aina ya kwanza hutoka kwa watu maarufu wenyewe au mameneja wao. Mtu alilipwa na jarida asimulie uchumba wake, akapigwa picha akivishwa pete, akawashukuru mashabiki. Mambo yakaharibika, jarida likaandika habari za kuachana kwao bila kumuuliza, na sasa anataka jarida lifungiwe. Aina ya pili hutoka kwa wasomaji wanaoshangaa kwa nini tunahangaika na mtu wa namna hiyo. Hizo huwa fupi: aliuza mwenyewe, sasa analia nini?

Kila upande umeshika kipande cha ukweli ukakifanya sheria nzima. Maelezo yafuatayo yanahusu jinsi mabaraza ya habari na mahakama zinavyoliangalia jambo hili. Ni elimu kwa umma tu. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili, wala yasisomwe kama dalili ya uamuzi katika shauri lolote lililo mbele ya jopo la baraza linaloamua malalamiko.

Kuuza habari za maisha yako si kosa. Kutafuta kiki si kosa. Tumewahi kuombwa tumkanye msanii kwa sababu kila anapokaribia kutoa wimbo lazima kwanza agombane na mchumba hadharani. Hatuna mamlaka hayo na hatuyataki. Baraza linaangalia mwenendo wa vyombo vya habari, halilei wasanii.

Jopo linachouliza ni hiki: uliporidhia, uliridhia nini hasa? Ridhaa huwa ya jambo fulani, kwa chombo fulani, kwa muda fulani. Aliyekubali harusi yake ipigwe picha hajakubali mtu asimame dirishani kwake mwezi mmoja baadaye.

Kesi inayotajwa mara nyingi ni ya harusi ya waigizaji Michael Douglas na Catherine Zeta-Jones, iliyofungwa New York Novemba 2000. Jarida la OK! lilikubali kuwalipa pauni milioni 1 kwa haki ya picha, na maharusi wakabaki na mamlaka ya kuchagua zipi zitoke. Wageni walikatazwa kuingia na kamera. Mpigapicha mmoja akapenya, akapiga kwa siri, na picha zake zikaishia kwa mshindani, Hello!. Mojawapo ilimwonyesha bwana harusi akimlisha mkewe keki, kitendo cha kawaida kabisa harusini, lakini bibi harusi hakukubali watu wamwone akiwa mdomo wazi. Zilikuwa picha mbaya, zenye ukungu. Hello! ikajitetea kwamba harusi iliyokwisha kuuzwa haina siri tena.

Mahakama ya Uingereza haikuukubali utetezi huo. Maharusi walipata fidia ya pauni 14,600. OK! ilipewa zaidi ya pauni milioni 1, ikanyang'anywa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005, kisha ikarudishiwa mwaka 2007 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, kwa kura 3 dhidi ya 2. Wanaotuandikia kwamba "aliyeuza hana haki" waisome kesi hiyo kabla ya kutuandikia tena. Na mastaa nao wazitazame tarakimu hizo vizuri. Fungu kubwa lilikwenda kwa aliyepoteza biashara. Aliyeumia moyoni alipata kidogo sana, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi mtu akishaweka bei kwenye siku yake: shauri huanza kufanana na la bidhaa iliyoharibiwa.

Upo upande wa pili, na huu mameneja huwa hawautaji kwenye barua zao. Desemba 1999, katika shauri la Caroline, binti wa mtawala wa Monaco, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kwamba mtu anayekubali mambo yake ya faragha yachapishwe, kwa mfano kwa kuingia na jarida mkataba wa upekee, yaani jarida hilo pekee ndilo lichapishe, hawezi kudai ulinzi wa faragha kwa mambo yaleyale. Anayetaka aachwe aonyeshe kwa matendo yake, bila kuyumba, kwamba anataka kuachwa. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ilimpa Caroline ushindi dhidi ya Ujerumani, kwa kuwa picha zake akiwa sokoni au juu ya baiskeli hazikuchangia mjadala wowote wenye maslahi kwa umma. Lakini wazo la kwamba ulichotangaza mwenyewe kinahesabiwa halikufa. Kanuni za wahariri zinazosimamiwa na IPSO, chombo kilichoanza kusimamia magazeti na majarida mengi ya Uingereza mwaka 2014, zinaagiza kwamba katika kupima matarajio ya faragha ya mlalamikaji, yaangaliwe pia mambo aliyoyaweka wazi yeye mwenyewe.

Yaangaliwe. Hazisemi kwamba haki yote imekufa. Tunaomba neno hilo lisomwe taratibu na pande zote mbili.

Hasira huwa kubwa zaidi pale tunapogusa uongo. Ukiliuzia jarida simulizi kwamba nyumba yako ina amani, kisha ikaja kujulikana kwamba wakati huohuo ulikuwa umeshahama, mhariri anayo hoja nzito ya kuandika ukweli: wasomaji walidanganywa, na walidanganywa kwa malipo. Mwanamitindo Naomi Campbell alikuwa ameuambia umma kwamba hatumii dawa za kulevya. Februari 2001 gazeti la Mirror la Uingereza likaandika kwamba anatumia na kwamba anahudhuria mikutano ya waraibu wanaosaidiana kuacha dawa hizo, likaweka na picha yake akitoka mkutanoni. Mwaka 2004 Baraza la Malodi, tena kwa kura 3 dhidi ya 2, lilimpa ushindi kuhusu maelezo ya matibabu na picha zile. Kuhusu kumsahihisha uongo wake, mawakili wake wenyewe walikuwa wamekubali kwamba gazeti lilikuwa na haki. Fidia yake ilikuwa pauni 3,500, wakati gharama za mawakili wake zilizodaiwa kutoka kwa gazeti zilizidi pauni milioni 1. Anayesema "nitawapeleka mahakamani wanijue" azipige hesabu hizo kwanza.

Kisha kuna habari zenye wenyewe wawili. Talaka ni ya watu wawili. Ugonjwa wa mama yako ni wa mama yako. Wengi wanaamini kwamba jambo likishawapitia limekuwa lao, kwa hiyo wanaweza kuliuza lote. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimlinda mwimbaji wa Kanada, Loreena McKennitt, dhidi ya kitabu cha aliyekuwa rafiki yake. Rafiki huyo alidai anasimulia maisha yake mwenyewe. Mahakama iliona kwamba alichokuwa akikitoa, zaidi, ni maisha ya McKennitt, aliyoyajua kwa sababu aliaminiwa. Kwa hiyo mchumba wako wa zamani akiuza picha zenu za chumbani na kusema "na mimi nimo", kuwamo kwake hakumalizi hoja. Nawe ukitaka kumwuza yeye, kanuni ni hiyohiyo. Sehemu hiyo ya pili huwa haipendwi.

Kuhusu watoto tutasema bila kuzunguka, kwa sababu tumechoka kusema kwa upole. Mtoto si kiki. Kanuni za IPSO zinakataza mzazi au mlezi kulipwa kwa habari zinazogusa ustawi wa mtoto aliye chini ya miaka 16, isipokuwa iwe wazi kwamba ni kwa manufaa ya mtoto huyo. Zinakataza pia mhariri kutumia umaarufu wa mzazi kuwa sababu pekee ya kuanika maisha ya mtoto. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba picha za kwanza za mapacha wa waigizaji Angelina Jolie na Brad Pitt ziliuzwa kwa majarida ya People na Hello! kwa dola milioni 14, na fedha zikaelekezwa kwenye shughuli za hisani. Tangu hapo kila mzazi maarufu anatutajia hisani. Kutaja hisani hakutoshi. Jopo litauliza mtoto alinufaika na nini, na "atajivunia akikua" halijawahi kuwa jibu.

Sasa mkataba wenyewe, maana malalamiko mengi yanazaliwa humo. Karatasi inakuwa ya kurasa tatu au nne, inaletwa usiku, meneja anasema saini tu hawa ni watu wetu. Ndani yake kuna sentensi kama hii: "Muuzaji anakabidhi haki zote za habari hii na mambo yote yanayohusiana nayo, bila kikomo cha muda, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa." Maneno manne, *mambo yote yanayohusiana nayo*, yanaweza kubeba ndoa, ujauzito, ugomvi na mazishi. Yakatwe, au yaandikwe upya kwa kutaja jambo moja. Chini yake kuna kifungu cha kunyamaza: hutazungumza na chombo kingine kwa siku kadhaa, wala ndugu zako hawatazungumza. Ndugu zako hawakusaini, lakini shangazi akiropoka utakayedaiwa ni wewe. Halafu malipo. Mikataba mingi hulipa baada ya kuchapishwa, si baada ya mahojiano, na haimlazimishi mnunuzi achapishe.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Agosti 2016 kampuni ya American Media, iliyokuwa ikimiliki gazeti la udaku la Marekani, National Enquirer, ilimlipa mwanamitindo wa zamani Karen McDougal dola 150,000 kwa haki ya simulizi yake kuhusu Donald Trump, wakati huo mgombea urais, kisha haikuichapisha. Baadaye kampuni ilikiri kwa waendesha mashtaka kwamba lengo kuu lilikuwa kuizuia simulizi hiyo isiathiri uchaguzi. McDougal alifungua kesi mwaka 2018 ndipo akarudishiwa haki ya kusimulia mambo yake. Mnunuzi anaweza kununua ili azike. Kama hutaki kuzikwa, mkataba useme: isipochapishwa ndani ya muda fulani, haki zinarudi kwa muuzaji na malipo yanabaki kwake.

Na ikiwa wewe ni shahidi katika kesi ya jinai inayoendelea, usipokee hata bahasha. Kanuni za IPSO zinakataza kumlipa au hata kumwahidi malipo shahidi, kwa sababu shahidi aliyelipwa huwa na shauku ya kusimulia vizuri zaidi.

Utaratibu wa kulalamika. Hatua ya kwanza ni kumwandikia mhariri, si sisi. Mwandikie, taja toleo, tarehe, ukurasa na sentensi unayoilalamikia, sema unataka nini: kusahihishwa, kuombwa radhi, kuondolewa mtandaoni. Tunza nakala. Asipojibu, au jibu lisiporidhisha, ndipo uje kwetu na nakala hiyo pamoja na jibu lake kama lipo. Leta ukurasa mzima, si kipande kilichokatwa, kwa sababu kichwa cha habari na maelezo ya picha ni sehemu ya lalamiko. Kama ni mtandaoni, leta picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Leta mkataba, kama uliwahi kuingia mkataba wowote na chombo hicho, hata ule unaouonea aibu. Mlalamikiwa anao, ataukabidhi kwa jopo, na lalamiko lililouficha huanza likiwa limechechemea. Usituletee ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja ukitukana.

Usichelewe. IPSO, kwa mfano, kwa kawaida hupokea malalamiko ndani ya miezi 4 tangu kuchapishwa, na hadi miezi 12 kama habari bado ipo kwenye tovuti ya chombo husika. Mabaraza mengine yana muda wake, na mengi hayana huruma na mtu aliyekaa kimya mpaka albamu ilipotoka.

Kuhusu adhabu, matarajio ya watu ni makubwa kupita kiasi. Baraza la kujisimamia kwa kawaida huamuru marekebisho au uamuzi wake uchapishwe, na linaweza kuelekeza yawe wapi, ili mhariri asiyafiche karibu na utabiri wa nyota. IPSO inaweza kutoza faini ya hadi pauni milioni 1, lakini hiyo ni kwa ukiukaji mzito na wa kimfumo, si kwa picha moja. Katika malalamiko ya kawaida haimlipi mlalamikaji fidia. Anayetaka fidia aende mahakamani, na anayetaka zuio aende haraka, kabla habari haijatoka. Anayedai jarida halijamlipa fedha za mahojiano ana deni la mkataba. Tunampa pole, lakini dawati hili halikusanyi madeni.

Wengine hulalamika, kisha huelewana na jarida pembeni. Hakuna ubaya, na mara nyingi ndilo jambo la busara. Mlalamikaji aandike barua ya kuondoa lalamiko, aisaini mwenyewe, asimtume meneja wala mpambe kupiga simu. Akiondoa, jopo hufunga jalada, isipokuwa mtoto akiwa ametajwa ndani yake. Hapo jopo linaweza kuendelea hata bila mlalamikaji, na kiasi walicholipana huko pembeni hakibadilishi chochote.