Usiipulizie rangi filimbi yako: dhana potofu kuhusu rangi za filimbi za plastiki za Kiayalandi

Ombi huwa lilelile. Mtu amenunua filimbi nyeusi ya Delrin, plastiki ngumu, amechoka na weusi wake, sasa anataka ipuliziwe bluu au nyekundu. Akiambiwa haiwezekani, anadhani fundi ni mvivu au anatafuta bei. Basi tuanze na hilo, kwa sababu ndilo linaloharibu filimbi nyingi zaidi.

Dhana: plastiki ni plastiki, rangi yoyote itashika

Haishiki. Filimbi nzuri za Kiayalandi zisizo za mbao hukerezwa kutoka fito za asetali, plastiki ambayo DuPont waliiingiza sokoni mwaka 1960 kwa jina la Delrin. Ilipendwa kwa gia na vali kwa sababu ni ngumu, inateleza, hainyonyi maji na haijali petroli wala thina. Sifa hizohizo ndizo zinazokataa rangi. Rangi inahitaji uso wa kung'ata, na uso huu haung'atiki. Ukiufuta kwa thina umeondoa mafuta na vumbi tu. Viwandani, kabla ya kupaka, uso huliwa kwanza kwa asidi kali, kazi ambayo haifanyiki jikoni wala uani. Wapo wanaopiga msasa kwanza, na kweli rangi hukaa muda kidogo. Kisha huanza kubanduka palepale panapofanya kazi: chini ya vidole penye jasho, na kwenye tundu la mdomo penye mvuke, mate na midomo. Vipande vinavyobanduka hapo unavimeza.

Tuseme kwa bahati imeshika. Tabaka tatu za rangi ya kupuliza zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Watu hucheka wakisikia kipimo hicho. Lakini ukingo wa tundu la mdomo, ule unaokata pumzi na kuzalisha sauti, hukwanguliwa na mtengenezaji kwa vipimo vya namna hiyohiyo. Rangi hupenda kujikusanya kwenye kingo. Ukingo mkali unakuwa mviringo, sauti inajaa pumzi, na D ya chini, noti ya chini kabisa ya filimbi, inakataa kusimama. Tundu la kidole lenye kipenyo cha milimita 6 likivikwa rangi ndani hupungua kwa milimita 0.2, na noti yake inashuka. Kiungo kikipakwa, dume na jike, yaani ncha inayoingia na tundu linaloipokea, havikubaliani tena. Halafu mwenye filimbi anachukua kisu kuondoa rangi, anaanzia tundu la mdomo, na hapo filimbi imekwisha. Hakuna anayeweza kurudisha ukingo uliokwanguliwa ovyo. Dawa ni kununua kichwa kipya.

Kuna njia moja inayofanya kazi kiasi: kuichemsha filimbi nyeupe kwenye rangi ya kutia vitambaa vya poliesta. Sema nyeupe, maana nyeusi haigeuzwi. Rangi ya pamba pia haifai. Toa kwanza nyuzi zote zilizozungushiwa viungo, koki ya kichwani (gome laini linaloziba mrija) na kizibo chake. Kama kichwa kina mrija wa chuma wa kurekebisha sauti au pete zilizogandishwa kwa gundi, usikitie kabisa. Tumia sufuria ya chuma cha pua ambayo haitapikiwa tena. Maji yawe na joto la karibu nyuzi 90, yasitokote, na vipande vining'inizwe kwa waya visiguse chini. Dakika 20 hadi 30, huku ukigeuzageuza. Kisha zima moto na uache vipoe ndani ya maji yaleyale. Anayevitumbukiza kwenye maji baridi anaomba viungo vya duara vigeuke yai, kwa kuwa fito hizi hubaki na mkazo ndani tangu kiwandani, na joto huufungua. Jaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Na ujue kwamba rangi inaingia juujuu tu. Mkwaruzo wa kina utaonyesha weupe.

Ushauri wangu, na siuchoki: acha mwili wa filimbi kama ulivyo, weka rangi kwenye pete. Pete za asetali za bluu au nyekundu zinakerezwa kutoka mabaki ya fito, hazigusi sauti, na zinabadilishwa ukizichoka. Baadhi ya filimbi za karne ya 19 zilikuwa na pete za pembe za ndovu. Pete nyeupe ya plastiki inapendeza vilevile na haikuletei maswali mpakani.

Dhana: watengenezaji wanakataa rangi kwa kujiona

Wanakataa kwa hesabu. Maghala ya plastiki huweka fito nyeusi na nyeupe kila wakati. Bluu, kijani, nyekundu na kahawia zipo, kwa kuwa rangi huchanganywa kwenye plastiki ikiwa bado imeyeyuka, lakini mara nyingi huagizwa kwa wingi. Ufito wa milimita 35 wenye urefu wa sentimita 70 una uzito wa karibu gramu 950, na zaidi ya nusu yake huishia sakafuni kama nyuzi. Nani atajaza stoo fito za zambarau kwa ajili ya mteja mmoja? Ukitaka, agizeni wanne au watano pamoja. Hapo ndipo rangi inakuwa ndani ya plastiki yote na mkwaruzo hauonyeshi kitu.

Dhana: nyeusi ina sauti nzito, nyeupe ina sauti nyembamba

Hapana. Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman alichapisha jaribio lake la filimbi za fedha, shaba na mbao zenye vipimo sawa. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Kama fedha na mbao hazitofautiani, unga kidogo wa rangi utafanya nini? Tofauti unayoisikia iko kwenye tundu la mdomo na umbo la mrija wa ndani.

Dhana: nyeusi juani inapoteza tuni

Inapata joto zaidi, ni kweli. Filimbi ya milimita 600 ikipanda nyuzi 10 hurefuka kwa takriban milimita 0.7, yaani sauti inashuka senti 2 (senti 100 za muziki ni nusu toni). Hewa ya ndani ikipanda nyuzi hizohizo inapandisha sauti kwa senti 30 hivi. Laumu hewa. Tena weusi wa kaboni ndio unaoilinda asetali dhidi ya jua. Nyeupe isiyo na kinga ikiachwa nje muda mrefu hutoa ungaunga na kupasuka juujuu.

Dhana: nyeusi ni mpingo bandia, kwa hiyo ni ya wanafunzi

Mpingo, unaotoka hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ni mti bora kwa filimbi, na hakuna anayebisha. Lakini hupasuka kwenye hewa kavu, na tangu 2017 biashara yake imo kwenye masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ingawa ala zilizokamilika zililegezewa mwishoni mwa 2019. Wapigaji wazoefu wengi wana Delrin ya kusafiria. Kuibeza kwa sababu ya rangi yake ni kutojua.

Dhana: nyeupe husafishwa kwa dawa ya kung'arisha nguo

Klorini hula asetali. Uso unachubuka na ukingo wa mdomo unaharibika. Tumia maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Doa la manjano la mchuzi huenda lisitoke kabisa. Kwa nje, piga msasa wa maji namba 2000, na usisogee karibu na tundu lolote.